Maswali ya Malongo

Mlango wa Mzee Theonest ulimwaibisha Bonifasia kabla hajasema neno. Aliusukuma kwa kiganja, ukagoma. Akausukuma kwa bega, ukatoa mlio ukabaki pale pale, na wageni wawili waliosimama nyuma yake, mume na mke, wakatazamana. Mwishowe mwanamume akasogea mbele, akashika komeo, akauinua mlango kidogo, nao ukafunguka.

"Bawaba zimelegea," akasema. "Huu unainuliwa, hausukumwi."

"Ndiyo, baba," Bonifasia akajibu, uso ukimwaka.

Ilikuwa mwishoni mwa Januari, mwaka wa sabini na tisa, hapo Kasulo. Mume wa Bonifasia, Anatory, alikuwa fundi: seremala na mwashi kwa pamoja. Kwa kuwa alizijua nyumba za pale tangu msingi mpaka paa, aliyetaka kuuza alimwendea yeye, na aliyetaka kununua akaelekezwa kwake. Hakujiita dalali, maana miaka ile dalali na mlanguzi yalikuwa maneno ya kukaa kiti kimoja. Alisema yeye huwaonyesha watu nyumba, basi. Wakipatana, aliwapeleka ofisi ya kijiji, na kila upande ukampa asante yake. Novemba mgambo waliitwa. Anatory akapanda lori na wenzake kwenda vitani, na tangu siku hiyo ilikuwa imekuja barua moja tu, ya mistari sita.

Wageni hawa walikuwa wametoka pande za Kahama. Mume aliitwa Malongo, mtu mrefu mwenye Kiswahili cha mnadani, r na l zikipishana kinywani mwake kila zilipotaka. Mkewe, Nyamizi, alikuwa mnene, mtaratibu, mwenye macho yasiyotulia. Walielekezwa kwa fundi Anatory, wakamkuta mkewe akipepeta maharage. Bonifasia angeweza kuwaambia fundi hayupo, wakaenda zao. Badala yake alijifunga kanga upya akasema, "Nyumba ipo. Twendeni nikawaonyeshe."

Sasa walikuwa ndani, na Malongo alianza kuuliza.

"Paa hili linavuja?"

"Hapana. Halina shida."

"Maji mnachota wapi?"

"Hapo chini tu. Maji hayana shida."

"Hata Agosti?"

"Hata Agosti."

"Nina ng'ombe kumi na wanane. Mbung'o wapo huku?"

"Mbung'o?" Bonifasia hakuwahi kufuga hata ndama. "Sidhani kama kuna shida."

"Mpaka wa eneo unaishia wapi?"

Bonifasia alinyoosha mkono kuelekea migombani, mkono ukazunguka kidogo hewani kama unaotafuta pa kutua. "Mpaka kule."

Malongo aliufuata mkono kwa macho, asione chochote ila migomba. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini kuliko mwanzo, "Na kaburi je? Humu uani amezikwa mtu?"

"Hakuna. Hapana shida yoyote."

Muda huo wote Nyamizi alikuwa ameinua uso akitazama mahali ukuta unapokutana na paa, kwenye chumba cha nyuma. Palikuwa na doa jeusi lililoteremka kwa michirizi mpaka usawa wa dirisha. Alilifuata kwa kidole, akamwambia mumewe jambo kwa Kisukuma.

Malongo akavaa kofia yake. "Mama," akasema, "nimekuuliza maswali sita. Umenipa jibu moja mara sita."

Hakulisema kwa ukali, na hilo ndilo lililouma. Aliongeza kwamba kuna nyumba nyingine wameahidiwa Biharamulo. Wangepita tena baada ya mwezi mmoja au miwili, kama wangepita. Kufikia jioni wanawake chemchemini walikuwa wamekwisha kujua kwamba mke wa fundi ameshindwa kufungua mlango, mteja akamfungulia.

* * *

Jumapili iliyofuata alikuja mama mkwe wake, Ildefonsa, kutoka Mabawe. Alikuja na kikapu cha viazi na maneno aliyoyatunza njia nzima.

"Shikamoo, mama," Bonifasia akapiga goti.

"Marahaba. Nasikia siku hizi unawapeleka wanaume kwenye nyumba za watu."

"Walikuwa mume na mke, mama."

"Walikuwa watu, na wewe mume wako yuko vitani." Ildefonsa alikaa mkekani, akanyoosha miguu iliyovimba kwa safari. Hakuwa mwanamke mbaya. Alikuwa na mtoto wa kiume mmoja, na kila lori la jeshi lililopita lilimtoa nje kutazama. "Nisikilize, mwanangu. Watoto watatu, mwanamke peke yake, sabuni hakuna, chumvi hakuna. Utaweza nini hapa? Nakupa mpaka Pasaka. Pasaka nakuja kuwachukua wote, mwende Mabawe mkakae kwangu."

"Na nyumba hii?"

"Tutaitafutia mtu."

Bonifasia alitazama kuta alizozikandia udongo kwa miguu yake mwenyewe, mimba ya Eustakia tumboni, Anatory akipanga tofali. Akaona kwa akili yake mtu asiyemjua akisimama mlangoni na kuuliza kama paa linavuja, na mtu mwingine akimjibu kwamba hakuna shida.

"Nimesikia, mama," akasema.

* * *

Kesho yake aliomba daftari la hesabu la Eustakia, binti yake wa darasa la nne, akaligeuza nyuma palipokuwa na kurasa tupu. Akaandika maswali sita ya Malongo, kila swali juu ya ukurasa wake. Akayaongeza yale ambayo Anatory alizoea kuyalalamikia akila: kwa nini mwenye nyumba anahama, nani mwingine anaweza kuja kudai, choo kilichimbwa mwaka gani. Kisha akaanza kuyatafutia majibu, na akagundua kwamba ameishi Kasulo miaka kumi na moja bila kuijua.

La maji lilikuwa jepesi. Aliwauliza wanawake wa chemchemini, wakacheka kwanza, halafu wakabishana, halafu wakakubaliana kwamba kuanzia katikati ya Julai chemchemi hudondoka tu, na ndoo moja hujaa kwa muda wa kusuka kichwa kizima. Wenye nguvu hushuka bondeni, na kwenda na kurudi ni muda wa misa nzima. Aliandika hivyo hivyo.

Kuhusu mbung'o alimtafuta bwana mifugo, akamkuta anafunga mzigo kwenye baiskeli. Bwana mifugo alimwambia mbung'o wako porini, upande wa mashariki, na ng'ombe wakichungwa upande wa vilima hawapati tabu. Josho lipo. Dawa ya josho imekwisha tangu Desemba, na hajui italetwa lini kwa kuwa magari yote yako vitani.

"Niandike kwamba hujui?" Bonifasia akauliza.

Bwana mifugo alifikiri kidogo. "Andika," akasema, na akaonekana kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Ofisini kwa katibu wa kijiji hali ilikuwa nyingine. Katibu aliitwa Gaspari, kijana nadhifu mwenye kalamu mbili mfukoni. Siku ya kwanza Bonifasia alikaa kwenye benchi tangu asubuhi mpaka ofisi ikafungwa. Siku ya pili aliambiwa katibu ana kikao, naye anamsikia anacheka ndani. Siku ya tatu Gaspari alimwita mbele ya wazee wawili waliokuja kwa mambo yao.

"Kwa hiyo nyumba sasa zinauzwa na wanawake," akasema. "Vita imefika mbali."

Wazee walitabasamu wakitazama chini.

"Siuzi nyumba, ndugu katibu. Ninaonyesha tu. Nataka kujua mtu akinunua kwa Mzee Theonest, anakuwa amenunua nini hasa."

Gaspari hakutegemea swali hilo. Aliweka kalamu mezani. "Ardhi haiuzwi. Ardhi ni ya taifa. Kinachouzwa ni nyumba, migomba, kahawa, kile mtu alichokijenga na kukipanda kwa jasho lake. Na mgeni hawezi kuhamia mpaka halmashauri ya kijiji imkubali na kumwandikisha."

"Ikimkataa, je, na fedha amekwisha kutoa?"

Mmoja wa wale wazee aliinua kichwa. Gaspari aliokota kalamu yake. "Basi asitoe kabla," akasema. "Aje kwanza hapa."

Bonifasia aliandika akiwa amesimama, daftari juu ya kiganja, maana hakuna aliyemwambia akae.

* * *

Paa alilichunguza kwa mvua. Februari ilipokaribia kwisha, mawingu yakajikusanya mchana mmoja upande wa Burundi, na yeye akafunga mlango wake akaenda kwa Mzee Theonest kukaa naye mvua ikinyesha.

Mzee alikuwa mwembamba, mpole, mwenye koti alilovaa hata jua likiwaka. Binti yake Odeta alikuwa ameolewa Bukiriro na alikuwa amemtaka ahamie kwake, kwa kuwa miguu haikumfikisha tena chemchemini. Alimkaribisha Bonifasia stuli, wakasikiliza mabati. Sebule haikuvuja. Chumba cha nyuma kilivuja sehemu mbili. Bonifasia akahesabu, akaandika, kisha akaingia stoo ndogo iliyokuwa pembeni ya chumba hicho kuona kama nako kunavuja. Tone lilikuwa likiangukia mkeka uliokunjwa. Akauvuta mkeka usilowe.

Nyuma ya mkeka palikuwa na msalaba wa mbao ya mninga, mguu wake bado una udongo mkavu. Herufi zilichomwa kwa chuma cha moto: SECILIA, na chini yake 1976. Aliufahamu mkono ulioziandika. Anatory alikuwa akiipinda S yake namna ile ile kila alipochoma jina la mteja kwenye kitanda au kiti.

Alipogeuka, Mzee Theonest alikuwa amesimama mlangoni mwa stoo.

"Huko hukutakiwa kuingia," akasema.

"Mama Secilia amezikwa wapi, mzee? Siku zile nilikuwa kwetu nikimuuguza mama, nikaamini amezikwa misheni."

Mvua iliyapiga mabati, kisha ikapungua, na mzee alipozungumza, Bonifasia alilazimika kusogea ili amsikie.

"Alitaka kukaa hapa nyumbani. Yuko pale nyuma, penye viazi. Ni mumeo aliyenishauri. Alisema, mzee, hakuna mtu anayenunua kaburi. Toa msalaba, panda viazi, mvua mbili zikipita hakuna atakayejua. Nikautoa. Nikapanda."

"Na viazi?"

"Vimekomaa tangu mwaka jana. Sijavichimba. Ningevilaje?"

Bonifasia aliurudisha mkeka mahali pake, kwa adabu, kama anayemfunika mtu aliyelala. Alikumbuka jinsi alivyomwambia Malongo kwamba hakuna, na jinsi neno lilivyomtoka kwa wepesi.

"Mzee, yule mgeni aliuliza habari ya kaburi. Akirudi atauliza tena. Siwezi kumwambia halipo."

"Basi usimlete." Ilikuwa mara ya kwanza Bonifasia kumwona mzee amekasirika. "Nitamngoja Anatory. Yeye ni fundi, anajua mambo ya nyumba. Wewe unajua nini?"

Alitoka mvua ikiwa bado inadondoka. Nyumbani alikaa na daftari mapajani. Hakuwa na nyumba nyingine ya kuonyesha, na Pasaka ilibaki majuma saba. Alichukua kalamu akalikata swali la kaburi kwa mstari mmoja mnyoofu. Akalitazama. Lililomsumbua zaidi lilikuwa Anatory, mume aliyempenda, mtu asiyeiba hata msumari wa mteja, ambaye alimkalisha chini mzee mfiwa akamfundisha kumficha mke wake. Alijiuliza kama ndivyo kazi ilivyo, kwamba kila anayeifanya hufika mahali hapo. Alikaa hivyo mpaka watoto wakarudi shule na kuanza kuuliza chakula. Kabla ya kuinuka aliliandika swali upya, chini ya lile alilolikata.

* * *

Malongo na Nyamizi walirudi katikati ya Machi. Ya Biharamulo haikuwafaa. Mwenye nyumba alikuwa na kaka wawili, na kila kaka alikuja na bei yake.

Safari hii Bonifasia hakukimbilia njia. Aliwapa maji ya kunywa, akawaketisha, akasema, "Mara ya kwanza niliwajibu nisiyoyajua. Naomba mnisamehe. Sasa ulizeni."

Malongo aliuliza, na yeye akajibu daftari likiwa limefungwa mkononi, kwa maana alikuwa amelisoma mpaka limemkaa kichwani. Chumba cha nyuma kinavuja mahali pawili. Bati mbili zimeoza, zinahitaji kubadilishwa, na bati hazipatikani dukani hivi sasa. Maji ni shida kuanzia Julai. Mbung'o wapo mashariki, ng'ombe wachungwe vilimani. Josho lipo, dawa haipo, na bwana mifugo mwenyewe hajui itakuja lini. Mpaka wa kaskazini ni mtaro, na jirani wa upande huo amekubali kuja kusimama nao wauangalie pamoja. Kinachonunuliwa ni nyumba na mazao, ardhi haimo. Na fedha isitolewe kabla halmashauri haijawakubali.

Kadiri mabaya yalivyoongezeka, ndivyo Malongo alivyozidi kuinama mbele kumsikiliza.

"Na kaburi?"

"Hilo nilikujibu vibaya kuliko yote. Na jibu lake si langu kulitoa. Ni la mwenye nyumba. Kama hataki kujibu, utajua mwenyewe la kufanya."

Walimkuta Mzee Theonest ameketi barazani. Bonifasia alikuwa amempelekea habari asubuhi kwamba wageni wamerudi, na hakupata jibu. Hakujua kama atawafukuza. Walimwamkia, mzee akaitikia. Malongo alivua kofia, akachuchumaa mbele yake kama kijana anavyochuchumaa mbele ya baba, akamuuliza.

Mzee alimtazama Bonifasia kwa muda mrefu. Kisha akashika fimbo, akainuka, akawaongoza nyuma ya nyumba mpaka kwenye matuta ya viazi yaliyofunikwa na majani.

"Ni mke wangu," akasema. "Kichwa kiko huku, upande wa mlima. Msalaba niliung'oa mwenyewe, ili ninyi msiuone."

Mzee alianza kuvuta shina moja la viazi kwa fimbo, likamshinda, na Nyamizi akainama kumsaidia. Alivuta la kwanza, la pili, akaendelea, majani akiyarundika pembeni taratibu, mpaka mwinuko wa kaburi ukaonekana.

"Mzee," Malongo akasema, "mwaka wa sabini na nne tulihamishwa kwenda kijiji cha ujamaa. Tulipewa siku tatu. Mama yangu alibaki kaburini kule kwenye mahame, yeye na baba yake. Nilipopita baadaye nilikuta pamelimwa pamba. Sikuweza kuona ni tuta gani. Kaburi silikimbii. Ningekuja kuligundua baadaye, nikiwa nimekwisha kulala humo ndani na watoto, hapo ndipo ningekimbia."

Mzee Theonest aliitikia kwa kichwa mara kadhaa.

Bonifasia aliamini maswali yamekwisha. Lakini Nyamizi, ambaye tangu mwanzo hakuwa amemuuliza chochote, alijifuta udongo mikononi akamgeukia.

"Mimi nina langu," akasema. "Hapa siwajui watu, na lugha yenu siijui. Siku nikiamka na homa, huyu yuko na ng'ombe, watoto wanalia. Nani ataingia kunitazama?"

Swali hilo halikuwemo kwenye daftari. Bonifasia alitaka kusema kwamba watu wa Kasulo ni wakarimu. Neno lilifika mpaka ulimini, akalizuia.

"Sijui nani ataingia kwanza," akasema. "Wapo watakaokuita Msukuma kwa muda mrefu kabla hawajajifunza jina lako. Wapo watakaosema ng'ombe zenu zimekula maharage yao, hata kama hazijala. Lakini mimi nakaa nyumba ya tano kutoka hapa. Mimi nitaingia."

Nyamizi alimtazama kwa macho yale yasiyotulia, nayo yakatulia. Akamwambia mumewe neno moja kwa Kisukuma, na Malongo akavaa kofia.

"Sasa tuseme bei, mzee," akasema.

Mzee alikuwa ametaka elfu tatu. Wakapunguza mia tatu kwa ajili ya zile bati mbili, na hakuna aliyeinua sauti.

* * *

Halmashauri ilichukua majuma mawili kumkubali Malongo. Siku ya kuandikishana Gaspari alijaza karatasi kwa mwandiko wake mzuri, mpaka Bonifasia, aliyekuwa amesimama nyuma ya muuzaji na mnunuzi, alipoomba iongezwe kwamba sehemu ya kaburi haitalimwa, na kwamba ukoo wa Mzee Theonest utaingia siku yoyote bila kuomba.

"Hakuna nafasi ya mambo hayo kwenye fomu."

"Chini pako tupu, ndugu katibu."

Gaspari alitazama chini ya karatasi. Akaandika, herufi zikibanana. Alipomaliza alinyoosha mkono. "Hebu nione hilo daftari."

Alilisoma ukurasa kwa ukurasa, wengine wakimngoja. Alifika kwenye swali lililokatwa na kuandikwa tena, akalitazama kidogo, hakuuliza. "Nani alikuandikia?"

"Mimi mwenyewe."

"Kuna mwalimu amehamishiwa hapa, anatafuta nyumba," akasema akilirudisha. Kisha, kwa sauti ndogo kama mtu anayelipa kitu asichotaka kionekane, akaongeza, "Vuta benchi, mama. Kaa."

Mzee Theonest alimpa asante yake ndani ya leso iliyofungwa fundo, na Malongo akaleta ya kwake pamoja na debe la mtama. Pasaka ilipofika, Ildefonsa alikuja kama alivyoahidi, na vikapu viwili vitupu vya kubebea vitu vya watoto. Alikuta mwalimu na mkewe wamekaa uani wakimsubiri Bonifasia, na redio ya mwalimu ikitangaza kwamba Kampala imetekwa. Ildefonsa alikaa siku tatu. Alitazama watu wakija, akasikia wanavyomwita mkwewe mama kwa heshima, akala, akalala, akapika. Siku ya nne aliondoka na vikapu vyake, kimoja kikiwa na mtama.

"Nitakuletea maharage ya mbegu," akasema njiani Bonifasia alipomsindikiza. Habari ya kuhama hakuitaja.

* * *

Anatory alirudi Agosti, amekonda, nywele zimeingia mvi upande mmoja. Kwa juma zima alilala mchana. Alipoanza kuzunguka kijijini aliambiwa yote, kila mtu kwa namna yake, na jioni moja, Bonifasia akichambua mboga, akaketi karibu naye.

"Nimepita kwa Malongo," akasema. "Amelizungushia mawe lile kaburi. Msalaba umerudi."

"Umerudi."

"Unataka kuniuliza."

"Nataka kukuuliza tangu Februari."

Anatory alisugua viganja. "Niliona mzee anateseka na maji. Niliona nyumba haitauzika. Nikaona nimsaidie. Huko tulikokuwa nimezika watu kwa mikono hii, wengine hatukuwajua majina. Hatukuwa hata na kijiti cha kuweka. Kila nilipomfukia mmoja nilimkumbuka mama Secilia. Nilijua nikirudi nitakukuta umejua."

Bonifasia aliweka mboga chini. Akamshika kifundo cha mkono, palipokuwa na kovu jipya, akakiacha kiganja chake hapo.

"Nenda ukamwone mzee Bukiriro," akasema. "Mwambie mwenyewe."

Alikwenda, akakaa siku mbili. Alichoambiana na mzee hakukisimulia, lakini alirudi akatoa randa na msumeno sandukuni na kuanza kazi.

Siku moja alikuwa uani akiranda mbao, Bonifasia yuko ndani, alipofika mtu mmoja na baiskeli, aliyejitambulisha kwa jina la Ndassa, mfanyabiashara wa nguo za mtumba kutoka Biharamulo.

"Nasikia hapa kuna anayeonyesha watu nyumba," akasema.

"Ndiyo, ni mi..." Anatory alisimamisha randa. Akapuliza vumbi la mbao mkononi. "Ni mke wangu. Kaa, namwita."

Bonifasia alitoka na daftari jipya. Walikwenda watatu, yeye mbele, Ndassa akikokota baiskeli, Anatory nyuma amebeba ngazi. Nyumba ilikuwa ng'ambo ya barabara kuu, na mara walipoingia Ndassa aliinua uso kutazama paa, kisha akamgeukia fundi, kwa kuwa ndiye mwanamume.

"Hili linavuja?"

Anatory alikuwa amelijenga paa lile mwenyewe. Aliegesha ngazi ukutani, akarudi nyuma hatua moja.

"Muulize yeye," akasema.

"Chumba cha watoto kinavuja, upande wa magharibi," Bonifasia akasema. "Panda ngazi ukaone. Na kabla hujashuka, uniulize habari za maji."